Mama wa Mwanangu

Tononoka, Mombasa
5 Machi 2024

Ndugu yangu Kahindi,

Nakuandikia kwa sababu simu zetu za jana ziliishia kwa mmoja wetu kukata, na sikumbuki vizuri kama ni mimi au ni wewe. Mzee Morgan wa kanisani kwako amesema anakuja Kaloleni kesho na turubai za msibani. Atakuletea barua hii pamoja nazo.

Maandalizi ya mazishi ya Mama yamekamilika. Mwili utatoka Ijumaa, mazishi Jumamosi hapo nyumbani, kando ya Baba. Nimechagua nguo. Nimechagua sanduku, na mwenye duka aliponiuliza kama nataka lenye kioo nilimjibu kuwa sijui, kana kwamba ameniuliza njia ya mahali nisipopafahamu. Watu wananipa pole, nami naipokea, kisha wanaendelea kunitazama kama wanaongoja kitu. Sijalia. Jana nilisahihisha rundo zima la insha za wanafunzi wangu wa ualimu juu ya ahadi aliyopewa Ibrahimu: nchi, uzao, na baraka kwa mataifa yote. Nilisahihisha vizuri. Hilo ndilo linalonitia shaka juu ya nafsi yangu.

Sasa la Imtiaz. Krismasi iliyopita Mama alitamka mbele yako na mbele yangu kwamba Imtiaz ndiye atakayetia udongo wa kwanza kaburini mwake, kwa kuwa ndiye mwanawe mkubwa. Wewe unasema wazee wa kanisa hawatakubali Mwislamu kutoka Kuze akutangulie wewe, mchungaji wao na mwana wa kuzaliwa. Hadithi unaijua, lakini niiweke hapa tuitazame pamoja. Mama alishuka kutoka Ganze wakati wa ukame, akiwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Adamji, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amefiwa na mkewe siku ya kujifungua, na mtoto mchanga, huyu Imtiaz, analia. Mama akaajiriwa kumnyonyesha. Mtoto alipoachishwa ziwa, Adamji aliwakusanya jamaa na majirani akasema mbele yao: "Huyu ni mama wa mwanangu, na watoto atakaowazaa ni ndugu zake." Kwa dini yao hilo si neno la adabu tu. Ziwa hufanya udugu kamili, hata kuoana ni haramu. Adamji alilishika neno lake mpaka akafa, na Imtiaz analishika mpaka leo.

Wewe huhubiri kwamba wana wa Ibrahimu hawahesabiwi kwa mwili. Isaka alikuwa mwana wa ahadi. Na sisi, Wagiriama wa Kaloleni, tuna fungu gani kwa Ibrahimu isipokuwa kwamba tulihesabiwa? Tuliingia katika ahadi kwa neno la mwingine. Itakuwaje basi sisi, miongoni mwa watu wote, tusimame kwenye kaburi la mama yetu tukidai damu?

Huenda nakosea. Mara nyingi hoja yangu ikinipendeza mno huwa ina ufa mahali nisipopatazama.

Dada yako,
Mejumaa


Kaloleni
6 Machi 2024

Dada Mejumaa,

Bwana asifiwe. Turubai zimefika, moja ina tundu katikati, nami nimemwambia Morgan siku ya mazishi aketi yeye chini ya hilo tundu, maana ndiye aliyeikodi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti. Mke wangu akasema, "Huyu wifi yangu hata akigombana, ugomvi wake una dibaji." Usikasirike. Alikuwa anakusifu.

Kuhusu Ibrahimu hujakosea. Ahadi ile ilitimia katika Kristo. Yeye ndiye mrithi, na sisi twarithi ndani yake, Mgiriama kama Myahudi. Lakini dada, umeruka mlango. Sisi twahesabiwa kwa imani, na Imtiaz hajaomba kuhesabiwa. Ana imani yake na anaishika kuliko waumini wangu wengi wanavyoishika yao. Nikimtanguliza yeye, waumini wachanga, ambao wengine juzi tu wameacha matambiko ya kaya, wataniuliza: mchungaji, kumbe kuna agano jingine pembeni?

Na lipo jingine, ambalo si la mimbari. Tulipokuwa watoto, kila Idi Mama alikwenda kumtazama "mwanangu mkubwa". Mimi nilikuwa "huyu wa mwisho". Siku niliyowekewa mikono ya uchungaji alichelewa, kwa sababu Imtiaz alikuwa na homa. Homa! Mtu ana mke, ana ndevu. Nilipiga magoti pale mbele nikisikiliza mlango. Nakaribia miaka hamsini, na baadhi ya siku nahubiri huku bado nausikiliza.

Hata hivyo, nimeomba juu ya jambo hili, na nakuambia matokeo. Maziwa ni kitu. Mwanamke akimtoa mtoto mwilini mwake au akimlisha kwa mwili wake, sioni mimi ni nani wa kusema hili ni umama na lile silo. Nimewaambia wazee hivyo hivyo. Walinung'unika, wakanywa chai, wakakubali. Kwa ajili ya maziwa ya Mama, Imtiaz na atie udongo wa kwanza. Mimi nitatia wa pili.

Mdogo wako,
Kahindi


Tononoka
7 Machi 2024

Kahindi,

Nilipaswa kuipokea barua yako kwa shukrani na kunyamaza. Nimeshindwa. Umenikubalia kwa sababu ya maziwa, na maziwa hayakuwapo.

Mama aliniambia hospitalini, mchana, saa ya kutazama wagonjwa. Nilijua hili nilipokuandikia juzi, nikalificha, nikidhani hoja yangu inaweza kusimama bila wewe kujua. Lakini umeijenga ridhaa yako yote juu ya kitu ambacho mimi najua si kweli. Nikiiacha hivyo, nitakuwa nimekuibia ridhaa hiyo.

Alisema, "Mejumaa, yule mtoto sikumnyonyesha."

Nikamwambia, "Mama, pumzika."

"Nitapumzikaje na wewe hunisikilizi? Ziwa lilikauka njiani. Niliwaambia linatoka, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwao kulikuwa na wali. Nilikuwa nafunga mlango, namnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kamwe. Alicheka, Kahindi, kile kicheko chake cha kumcheka mtu aliyesoma. "Niseme lini? Niseme baada ya mtu kuniita mama?"

Tangu hapo nafikiri juu ya Isaka alipopofuka, na Yakobo aliyeingia hemani amejifunika ngozi za mbuzi ili achukue baraka isiyokuwa yake. Ukweli ulipojulikana, mzee alitetemeka sana, lakini neno hakulirudisha. Na sisi Wakristo twamhesabu mdanganyifu huyo katika ukoo ule ule unaofika Bethlehemu. Nimewafundisha wanafunzi kwamba ndivyo ahadi ilivyo: haimtegemei anayeipokea. Usiku wa agano wanyama walipasuliwa vipande viwili, na kwa desturi wote wawili wanaoagana wangepita katikati. Ibrahimu alikuwa amelala usingizi mzito. Ni moto wa Mungu peke yake uliopita.

Lakini mfano wangu haukai sawa. Adamji si Mungu. Hatujui angesema nini kama angejua. Na katika hema lile lile alikuwamo Esau, aliyelia kwa sauti kuu akiuliza kama baba yake hana hata baraka moja iliyobaki. Nimefundisha sura hiyo miaka mingi bila kumtazama Esau. Leo namwona, na ana sura yako.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie mtu. Niache mimi nimweleze Imtiaz baada ya mazishi. Udongo wa kwanza uamue wewe, sasa kwa kujua.

Mejumaa


Kuze, Mji wa Kale
14 Machi 2024

Dada Mejumaa,

Nimeanza kwa neno hilo kwa mazoea, nikaliangalia, nikaliacha kwa kuwa sina jingine la kuweka mahali pake. Ramadhani imetukuta katika hali hii. Tumshukuru Mungu kwa kila hali.

Siku ya Jumamosi ulikuwa upande wa wanawake, huenda hukuona. Nilipoinama kuchota udongo, Kahindi alinishika kiwiko. Hakuwa mkali. Aliniambia sikioni, "Kaka Imtiaz, nisamehe. Mama hakukunyonyesha. Alimwambia Mejumaa kabla ya kufa. Siwezi kukuacha utie udongo huu bila kujua." Niliurudisha udongo pale nilipoutoa, polepole, ili watu wasione kuwa nimeutupa. Nilidhani yeye atatia. Akarudi nyuma. Nikarudi nyuma na mimi. Wale vijana wenye majembe walitungoja, wakatazamana, kisha wakaanza kazi. Basi udongo wa kwanza juu ya yule mama ulitiwa na kijana asiyejua hata jina lake.

Nimekwenda kwa Maalim Kamaludin. Nilimweleza kama mambo ya mtu mwingine, naye akanisikiliza kama mambo ya mtu mwingine, ijapokuwa alinijua mimi na alimjua marehemu. Alisema, "Palipo na maziwa pana udugu. Pasipo na maziwa hapana. Mbuzi hamfanyi mtu kuwa ndugu ya mtu." Nikamwambia ni mambo ya zaidi ya miaka hamsini. Akasema, "Miaka haigeuki kuwa maziwa, Imtiaz."

Kwa hivyo nimekuwa nikipanda ngazi yako Tononoka na kukaa nawe peke yetu, nikinywa chai yako, bila haki ya ndugu. Sikujua, na asiyejua hana dhambi. Sasa najua.

Sadaf hakunilaumu wala hakukulaumu. Aliuliza swali moja tu wakati wa kukoroga uji wa futari: "Kwa hivyo yule mama aliyenipokea mlangoni nilipoletwa bibi harusi, akanivua viatu kwa mikono yake, alikuwa nani?" Mke wangu huyu haulizi mambo mengi.

Nami nina swali moja kwako. Nilipoinama, ulijua? Nijibu ndiyo au la. Sitaki sababu. Wewe ni mwalimu, sababu hukosi.

Imtiaz Adamji


Tononoka
17 Machi 2024

Imtiaz,

Ndiyo. Nilijua.

Nilimwambia Kahindi kabla yako, nikakuacha uje mpaka ukingoni mwa kaburi huku sisi wawili tunajua na wewe hujui. Umesema hutaki sababu, nami sikuletei.

Sitakuletea Maandiko pia. Nimeyatumia mno mwezi huu, kama mtu anayejifunika nguo nyingi kisha akashangaa kwamba bado anatetemeka. Nitakuambia jambo moja tu la darasani kwangu, kwa kuwa halinisaidii, na kwa hiyo huenda ni la kweli. Twafundisha kwamba agano la kwanza liliandikwa juu ya mawe, watu wakaapa watalishika, hawakulishika. Kisha manabii wakasema litakuja jingine, litakaloandikwa moyoni. Sisi Wakristo twasema siku hiyo ilikwisha kufika. Wiki hii nimeutazama moyo wangu nione kama kuna maandishi yoyote. Nimeona ukuta uliopakwa chokaa. Nakwenda kazini. Nakula. Jana jirani alinisimamisha akaniambia namna Mama alivyomfundisha kusuka makuti, akalia mikononi mwangu, nami nikawa namhesabia vifungo vya mgongo wa gauni lake.

Sadaf ameuliza yule alikuwa nani. Sina jina la kumpa. Najua tu kwamba siku zile za mwisho, alipochanganyikiwa, alituita sisi wote watatu, akaanza na wewe.

Wako watu wachache walio hai waliokuwamo katika nyumba ile siku Baba yako aliposema neno lake. Mmoja ni shangazi yako Parvin. Sikuambii umwulize. Nakuambia tu kwamba yupo.

Ngazi yangu haina mlango ninaoweza kukufungia. Lakini nimekuelewa, nami sitakungoja.

Mejumaa


Kaloleni
25 Machi 2024

Dada Mejumaa,

Umeniadhibu kwa kimya, na kimya chako kina sauti kubwa kuliko wengine wanavyopiga kelele. Basi nisikilize.

Uliniambia niamue kwa kujua. Kisha ukaniomba nisiseme. Hayo mawili, dada, hayakuweza kukaa katika mtu mmoja. Nilimwona anainama, mzee mwenye mvi, kofia yake safi, ameacha duka lake mikononi mwa watu, anachota udongo wa kaburi kama mtoto anayechota maji ya kumpelekea mamaye. Nikasema moyoni, huyu anatoa ushahidi mbele ya Mungu juu ya jambo ambalo mimi najua silo. Nikamshika.

Ndivyo nilivyojiambia. Lakini tangu siku ile najiuliza ni nini hasa kilichomshika. Mkono wangu wa kweli na mkono wangu wa wivu ni mkono mmoja, ndio huu ninaokuandikia. Kama ningekuwa mtu wa kweli tu, ningesubiri nyumbani, nimweke kitini, nimpe maji, nimwambie. Alipourudisha ule udongo chini polepole, niliona nimekwisha kupata nilichokitaka, na sikuweza kukiinua. Nilikuwa nimengoja tangu utotoni niwe peke yangu mbele ya Mama.

Na hilo la Esau limenikaa rohoni. Esau aliuza haki yake kwa bakuli la dengu. Mimi sikuuza kitu, dada. Mimi hata dengu sikuonjeshwa.

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi. Nilitaka kuhubiri juu ya ahadi zilizotimia, mwana-punda na yote, nikafika katikati nikasimama. Waumini walidhani nimeguswa na Roho. Morgan akaanzisha pambio kuniokoa, akakosea sauti, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa sauti ya Morgan.

Habari nyingine: waumini wamechanga saruji. Mafundi watalijengea kaburi la Mama wiki ya kwanza baada ya Pasaka, kabla mvua hazijakolea. Nikasema ujue.

Kahindi


Kuze
3 Aprili 2024

Dada Mejumaa,

Nilikwenda Bondeni kwa shangazi Parvin baada ya tarawehe. Unamjua: masikio hafifu, ulimi mzima. Nilimkuta ameketi kitandani anamenya karanga. Nikamweleza yote kwa sauti ya juu, mpaka nikaona haya kwa majirani. Nilipomaliza akaendelea kumenya.

"Ndilo lililokutoa Kuze?" akasema. "Mbuzi yuwalia darini kutwa, n'nani asojua?"

Nikamwuliza amesema nini.

"Mbuzi, mwanangu! Mbuzi mweusi. Bibi yako ndiye aliyemnunua. Msichana amekuja mifupa mitupu, kifua kama ubao, atatoa wapi maziwa? Bibi yako alimtazama siku ya kwanza akasema, huyu hana kitu, lakini mtoto amenyamaza mikononi mwake. Muacheni. Basi tukamuacha. Yeye afunga mlango, sisi twajitia hatujui. Mbuzi yuwalia, babako apiga kikohozi kumfunika."

"Baba alijua?"

"Babako alikuwa yuwamletea mbuzi majani kutoka sokoni, amefunga kwenye gazeti ati ni vitambaa."

"Kisha akasimama mbele ya watu akasema ni mama yangu?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechelewa kukua. "Na wewe ulitaka amwambie nani? Mbuzi?"

Nilirudi kwa Maalim Kamaludin. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hukumu haibadiliki: hapakuwa na maziwa, hapana udugu wa ziwa, na yeyote aliyejua alipaswa kusema wazi, Mungu amsamehe marehemu. Nimeikubali. Mimi si mtu wa kuitafutia sheria dirisha baada ya kufungiwa mlango. Kuanzia sasa sitakaa nawe peke yetu, na nikija kwako nitakuja na Sadaf.

Lakini Maalim aliniambia pia, tulipokuwa tunavaa viatu, kwamba kumhudumia mtu na kumheshimu kama mama hakukatazwi na mtu yeyote, na kwamba neno aliloliahidi mzazi, likiwa si la haramu, ni wema kwa mtoto kulitimiza. Alisema hivyo huku anatafuta kiatu chake cha pili, kama mtu asiyetaka kunukuliwa.

Mwambie ndugu yako haya. Barua hii mpe, kama ataka.

Imtiaz


Tononoka
4 Aprili 2024

Kahindi,

Ndani ya bahasha hii imo barua ya Imtiaz. Amenipa ruhusa uisome.

Nimeisoma na kuiogopa. Inakaa vizuri mno na yale ninayofundisha: mtu anajua udanganyifu wote, anaulisha majani kwa mkono wake mwenyewe, na bado anasimama mbele ya watu na kutamka. Mtu mwenye shaka kama mimi hupaswa kujihadhari na mfano unaomtimizia haja zake. Huenda Adamji alihitaji tu mlezi asiyeondoka. Huenda shangazi Parvin, katika uzee wake, ameitengeneza siku ile ili imfurahishe. Kukaa kimya kwa nyumba nzima kulikuwa huruma, au kulikuwa njia ya watu wenye nafasi kumfunga mwanamke mwenye njaa asiweze kuondoka kamwe? Mama aliubeba uongo wake peke yake maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia, "Tua, tunajua." Hilo siwezi kulisamehe upesi, wala sijui nimlaumu nani.

Sijui, Kahindi. Najua tu kwamba neno lilisemwa na mtu aliyejua.

Mejumaa


Kaloleni
6 Aprili 2024

Kwa Kaka Imtiaz Adamji, Kuze,

Sijawahi kukuandikia. Sina hata mazoea ya kukuita jina bila kuuma meno, na utanisamehe nikianza vibaya.

Dada yangu amenitumia barua yako. Sijabadili mahubiri yangu. Naamini ahadi zote za kale zilikutana katika mtu mmoja, na ya kwamba njia ni yeye. Nawe una yako, na hatutadanganyana. Lakini nimehubiri miaka mingi juu ya Mungu aliyemjua Yakobo na bado akamwita, aliyetujua sisi na bado akasema. Nilikuwa nalihubiri kama jambo la mbinguni. Sikuwahi kufikiri kuwa mtu aliyebeba majani ya mbuzi ndani ya gazeti anaweza kunieleza linavyofanywa.

Nilikushika kiwiko mahali pasipofaa. Huenda nililosema lilikuwa la haki. Mahali na saa vilikuwa vyangu mimi, si vya haki.

Mafundi wamekuja jana. Nimewasimamisha. Saruji iko chini ya turubai, ile yenye tundu, na Morgan analalamika kwamba ataitazama mpaka lini. Nimemwambia mpaka baada ya Idi. Kaburi bado ni udongo mtupu, halijawekwa kitu juu yake. Wazee wa kanisa wameuliza kuna nini tena. Nimewajibu kwamba mazishi hayakumalizika.

Udongo wa kwanza ni wako, kama Mama alivyosema. Mimi nitatia wa pili.

Mdogo wako, ukikubali,
Kahindi Fondo


Kuze
12 Aprili 2024

Dada Mejumaa,

Idi imepita salama. Duka nimelifungua jana, leo Ijumaa nalifunga mapema.

Nimepata barua ya Kahindi. Nilimsomea Sadaf, naye akasema mchungaji anaandika kama mtu anayetembea bila viatu juu ya kokoto, lakini anatembea. Nimemjibu kwa mistari miwili tu, maana zaidi ya hiyo nisingeimaliza.

Tutakwenda Kaloleni kesho asubuhi kwa gari langu. Tutakupitia Tononoka. Sadaf ataketi mbele nami, wewe utaketi nyuma, na usiniambie kuwa ni mbali kuongea. Wapo watu watakaotuona na kusema hawa wawili wamegombana, kwa sababu zamani ulikaa mbele na Mama nyuma akitufokea sote. Waache waseme. Sheria niliyoijua nitaishika, wala haitanifanya nimsahau mtu.

Huko Kaloleni najua watakuwapo waumini wa ndugu yako, na kwa desturi ya kwenu mgeni akifika kaburini huulizwa ni nani wa marehemu. Siku ile hawakuniuliza, kwa kuwa wote walidhani wanajua. Kesho wataniuliza. Nimelifikiria jibu tangu jana, nikajaribu kulitengeneza ili lisimkwaze Maalim wala mchungaji, likawa refu kama hati ya mahakama.

Mwisho nimeliacha. Wakiniuliza, nitajibu kama alivyosema Baba mbele ya jamaa na majirani, naye alijua kila kitu.

Uwe tayari saa moja.

Imtiaz